Mbuzi wa Mwanjelwa

Nimeshuka Mbeya na nazi mbili begini,
nimezifunga kwa leso kama pacha wachanga,
na Tusekile pale stendi, koti hadi magotini,
akacheka hata kabla ya kunisalimu:
"Toka Mombasa yote hiyo, umenibebea mawe?"

Baridi ya Julai ilinishika masikio.
Mlima Loleza ulikuwa bado umelala,
amejifunika ukungu hadi kidevuni, huyo bwana mkubwa.
Tulianza na chai, maana miguu ilikataa:
chai ya Rungwe, maziwa mazito
yaliyoniachia sharubu,
na kiazi cha kuchemsha, kizima, na ganda lake,
chumvi pembeni, juu ya kipande cha gazeti.
Nikaulizia mahamri. Hakuna.
Nikaulizia mbaazi.
"Kula kiazi," akasema Tusekile.
"Hapa kiazi ndicho mahamri, na ndicho mbaazi."

Mwanjelwa, sokoni.
Mama mmoja alinipasulia parachichi
akanipa nusu bure, kwa sababu tu nilimwambia
"Ugonile," saa nane mchana.
"Nimelala, ndiyo," alijibu, "na nimeamka,
na nimeshauza gunia zima. Karibu."
Maharage nilihesabu rangi nikafika kumi na moja,
nikapotelea kwenye yale ya madoa, kama yai la kware.
Kisha Tusekile akachota konzi ya mchele wa Kyela
akanisogezea puani, kama muuza marashi.
Nikanusa. Sikusema kitu.
Kwetu wali hunukia nazi.
Huu ulinukia wenyewe.

Kwa Mama Ambwene tulikaa kwenye benchi lenye mguu mfupi.
Ndizi zilikuja na utumbo, zinafuka moshi,
laini, za moto, zenye kuunguza ulimi wa mwenye pupa.
Nikala nusu sahani ndipo nikakosea:
"Hizi zingetiwa tui…"

Tusekile akaweka kijiko chini.
"Tui linaficha."
"Tui haliFichi, linaremba."
"Kizuri unakirembea nini?"
"Miaka mitatu kule Kisauni ulikula wali wangu wa nazi,
hukusema neno!"
"Nilikuwa na njaa," akasema. "Na nilikuwa mgeni."

Benchi likayumba. Hakuna aliyelitengeneza.

Mama Ambwene, mwiko mkononi, akatuamua:
"Hebu huyo wa pwani apike, tuone."
Nikafungua leso, nikatoa nazi moja.
"Basi nipatieni mbuzi," nikasema.
Akamwita kijana, akamnong'oneza, kijana akatoka mbio,
akarudi na mbavu za kuchoma, ndimu, pilipili,
na deni la shilingi elfu tano.

Ilinibidi nieleze: ni kigoda, mama,
kina ulimi wa chuma wenye meno, unakikalia.
"Mnamkalia mbuzi?"
"Tunamkalia."
"Na hakimbii?"
Kijana akaenda kuchekea nje, ameegemea gunia la mkaa.

Mbuzi tukamla. Nazi tukaipasua kwa jiwe la jikoni,
maji akanywa mjukuu, nyama yake tukaitafuna vipande vipande
na mahindi ya kuchoma.
Mama Ambwene alitafuna, akatafuna, akatazama dari.
"Tamu," akasema mwishowe. "Ila ina kazi.
Ndaga, mwanangu."
Ya pili nilimwachia. Akaiweka rafuni,
kati ya chumvi na kopo la mafuta ya taa,
akaigeuza yale macho yake matatu yatazame mlangoni.

Usiku, Iyunga, Tusekile alipika mchele ule ule.
Chumvi, maji, basi. Akanipakulia,
akakaa mkabala, akanitazama
kama nilivyokuwa nikimtazama yeye zamani,
nikingoja sifa.
Nilikula kimya hadi chini ya sahani.

"Husemi?"
"Nina njaa," nikamwambia. "Na mimi ni mgeni."

Halafu nikamwomba ukoko.